Jibu Lako Kuhusu Rukia

Mshangano, Songea

Mwanangu Zuhura,

Salamu nitaziruka, maana tangu asubuhi tumeshasalimiana kila tulipogongana mlangoni, wewe na mabegi yako, mimi na sufuria zangu. Ninaandika nikiwa chumbani, mlango nimeurudishia, na baba yako nimemwambia kichwa kinaniuma. Amenijibu kwa utani wake wa Kingoni kwamba kichwa cha Myao hakiumi, kinawasha tu kwa kukosa la kusema. Sasa hivi yuko uani anafunga mizigo yenu kwa kamba ya katani, anaikaza kana kwamba ina nia ya kutoroka.

Wiki iliyopita uliniuliza swali jikoni na mpaka leo sijakujibu. "Mama, tukuachie Rukia?" Niligeuka nikakoroga maharage ambayo hayakuhitaji kukorogwa. Juzi ukauliza tena, nikasema tutaongea. Leo asubuhi Idrisa naye kaniuliza kwa adabu zake zile, "Mama, sisi tunasubiri neno lako," nikamwambia akanywe chai. Mume wa watu kanywa chai vikombe vitatu akisubiri neno. Basi linaondoka alfajiri. Nguo za Rukia ziko kwenye kiti sebuleni, hazimo kwenye begi wala hazimo kabatini, na kila nikipita pale naangalia pembeni.

Jibu ninalo. Ninaliandika kwa sababu nikilisema mbele ya baba yako atanikatiza kwa mzaha, na nikilisema mbele ya Rukia nitalibadilisha. Kwa hiyo soma yote, usikimbilie mwishoni kama unavyofanya na vitabu.

Sitakufundisha kuchemsha maji. Wewe ni mtu wa maabara, wadudu wa kwenye maji unawajua kwa majina yao na majina ya baba zao. Wala sitakwambia jinsi ya kuishi na mume, maana Idrisa ni mpole kuliko wewe, na kama kuna wa kuonywa hapo si yeye. Ninachotaka kusema ni kitu kimoja, ila kina mkia mrefu.

Tangu mpate nafasi hii ya kwenda kujitolea Malawi, kila mgeni anayeingia hapa unamwambia maneno yale yale. Mangochi ni kama Tunduru tu. Wayao wamejaa, misikiti imejaa, lugha ni ile ile, kwa hiyo ni kama mnakwenda nyumbani. Wewe utapima damu kwenye kituo cha afya, Idrisa atafunga umeme wa jua mashuleni, Twaha bado mdogo atabebwa mgongoni, na Rukia, kwa kuwa yuko darasa la nne na kuna mtihani wa taifa, atabaki kwa bibi yake kama wewe ulivyobaki kwa bibi yako. Watu wanatikisa vichwa, wanasema hapo mmepanga vizuri. Mimi nikisikia nanyanyuka kwenda kuangalia kama kuku wameingia bandani, hata kama ni mchana.

Nimenyanyuka tena hapa. Nimekwenda dirishani, nimerudi. Baridi ya mwezi huu unaijua, inaingia mpaka kwenye magoti, lakini sidhani kama leo ni baridi inayonisumbua.

Ulikuwa na umri wa Rukia tulipovuka Ruvuma. Baba yako alikuwa fundi wa visima na vyoo, mimi muuguzi, na kulikuwa na shirika linatafuta familia za kwenda kujitolea upande wa Msumbiji, Niassa, kwenye kijiji chenye zahanati isiyo na muuguzi. Walitupenda kwa sababu yangu. Nilikuwa Myao wa Nakapanya na kijiji kilikuwa cha Wayao watupu. Bwana mmoja wa shirika akasema, "Nyie hata mkalimani hamhitaji," nami nikajiona mtu kweli kweli. Na ni kweli hatukumhitaji. Siku ya kwanza wanawake walinizunguka wakicheka, wakasema ninaongea kama bibi zao waliokwisha kufa. Nilijisikia nimerudi kwa ndugu zangu ambao nilikuwa sijui kama ninao.

Nisikudanganye kwamba yalikuwa mateso. Mimi na baba yako hatujawahi kupendana kama miezi ile ya mwanzo. Hapakuwa na shangazi wa kunisema, wala kaka zake wa kuja kula bila taarifa. Alijifunza kupika, kipaji ambacho tangu turudi Songea amekipoteza kabisa na hatuna habari kiko wapi. Tulikuwa tukikaa kibarazani jioni, yeye ananionyesha alivyochubuka mikono, mimi ninamhesabia watoto niliowazalisha, na kila mmoja anamwona mwenzake shujaa. Raha ya kujitolea ndiyo hiyo, Zuhura, na nitakuwa mnafiki nikiikana. Unajiona mtu mwema, na unaye wa kukutazama.

Lakini wema wenyewe una kipimo, unaisha. Watoto wa wenzangu nilikuwa nawashika paji la uso kwa mkono wa upole tangu asubuhi, nikifika nyumbani upole umekwisha. Wewe ukisema, "Mama, tumbo," mimi nasema, "Kanywe maji." Mdogo wako Bakari akilia, nampa baba yako. Ugomvi nao ulikuwa wa aina yake. Hapa Songea tukigombana mimi na baba yako kuna wa kumpelekea kesi. Kule tulikuwa wawili tu ndani ya vyumba viwili, na neno likishatamkwa linabaki mezani mpaka asubuhi, hakuna wa kulitoa. Mtayaona hayo. Yakianza, msidhani ndoa imeharibika, ni kwamba hamna shangazi karibu.

Sasa nifike kwenye msiba.

Unaujua, au unadhani unaujua. Kila sikukuu baba yako anakisimulia kisa hicho na watu wanavunjika mbavu. Mngoni alivyoaibika ugenini. Kuna mahali kwenye kisa hicho ambapo mimi huwa nasimama kwenda kuleta maji ya kunawa.

Che Mussa, mzee wa kijiji, ndiye aliyetupa nyumba ya kuishi. Alifariki ghafla. Tukiwa njiani kwenda msibani baba yako aliniuliza, "Hivi hawa wa huku nao ni watani zangu?" Alikuwa ameuliza swali la maana, tena kwa mtu aliyepaswa kujua. Mimi, bila hata kupunguza mwendo, nikamwambia, "Wayao ni Wayao."

Nakapanya unaijua ilivyo. Mngoni akija kwenye msiba wa Myao akakaa kimya, watu wanaulizana kama anaumwa. Babu yako alipofariki, baba yako alilala kifudifudi mbele ya jeneza, akakataa lisipite, na mama yangu katikati ya kilio alicheka mpaka khanga ikamdondoka. Akamrushia kuku, faini ya mtani ili apishe, ndipo akainuka. Mama alisema mpaka anaingia kaburini kwamba kicheko kile ndicho kilichompa pumzi ya kumaliza siku. Kwa hiyo baba yako aliijua kazi yake. Jeneza la Che Mussa lilipotoka uani akaruka mbele, akatanua mikono.

"Hapiti mtu! Huyu Myao kala ugali wangu tangu nimefika, leo anataka kuondoka bila kuaga?"

Hakuna aliyecheka. Nilikuwa nimesimama na wanawake, nikacheka mimi peke yangu, na sauti yangu niliisikia mwenyewe. Mtoto mkubwa wa marehemu akamtazama baba yako. Hakumtukana, hakumgusa. Akasema, "Mgeni, tupishe," na wabebaji wakampita pembeni, huku na huku, kama watu wanaokwepa shimo barabarani. Alibaki ametanua mikono mpaka msafara ulipoisha.

Kijiji kile hakikuwa na Mngoni hata mmoja. Walichojua kuhusu Wangoni ni yale waliyosimuliwa na babu zao, mambo ya vita na watu kuchukuliwa. Sisi huku yale yale tumeyageuza kuwa kicheko, tumezikana nayo, tumeoana nayo. Wao hakuna aliyewahi kuwageuzia. Nami nilikuwa Myao, ninaongea lugha yao, na sikulijua hilo kwa sababu sikuuliza. Ninachokumbuka zaidi ya aibu ni kwamba tulipofika nyumbani baba yako alikaa kitandani akasema, "Nimekosea," na mimi nikasema, "Ndiyo, umekosea."

Baada ya hapo zahanati ikapungua watu. Wanawake waliokuwa wakinizunguka wakawa wananisalimia huku wanatembea. Hayo ningeyavumilia. Lakini watoto nao wakaacha kuja. Kila jioni wajukuu wa Che Mussa na wenzao walikuwa wanajaa uani kwetu kucheza rede na wewe, kelele mpaka Bakari anaamka. Ghafla hakuna mtu. Ulikuwa unatoka na mpira wako wa soksi, unasimama pale kwenye njia, unaangalia upande wa nyumba zao. Siku moja nilikukuta unaurusha ukutani, unaukwepa mwenyewe ukirudi. Ulikuwa hata hunung'uniki. Nikasema, wametususa mpaka mtoto.

Baba yako alisema tusubiri kidogo. Nikamwambia yeye ndiye aliyetuponza, kwa hiyo asinifundishe. Kulikuwa na muuguzi wa kituo cha jirani anarudi Tunduru likizo, nikakukabidhi kwake pamoja na nguo zako, na barua kwa mama yangu. Mlipanda lori la wafanyabiashara. Nilikuwa nimejiandaa kwa kilio chako, nimejifunga kibwebwe, na wewe uliniuliza tu kama Nakapanya mabibo yameshaiva. Lori likaondoka. Nilisimama pale mpaka baba yako akaja kunichukua.

Rukia kagonga mlango. Ngoja.

Amekuja kuniuliza ninaandika nini. Nikamwambia naandika mashtaka ya mume wetu.

"Kafanya nini Babu?"

"Kakuchumbia bila kunipa taarifa mimi mke mkubwa."

"Mbona mimi nilishamkataa! Ana mvi mpaka puani."

Kacheka mwenyewe, kajitupa kitandani kwangu, kavuruga shuka. Nikaona nimuulize, maana katika wiki nzima hii tumemjadili kama kiroba cha mahindi, kiende au kibaki, na hakuna aliyemuuliza. Nikamwambia, "Mke mwenzangu, wewe unataka kwenda na mama yako au kubaki hapa?"

Hakufikiri hata kidogo. "Kubaki. Babu kasema atanifundisha baiskeli."

Halafu akatoka mbio, mlango kauacha wazi. Nimebaki nimeshika kalamu. Hiyo baiskeli ni ya mtoto wa jirani, baba yako ameshaipeleka kwa fundi ikawekwa tairi mpya. Hakuniambia. Nimejua kwa sababu fundi ni mdomo mpana.

Turudi Niassa, nimalizie kabla moyo haujanigeuka.

Arobaini ya Che Mussa ilipita. Siku chache baadaye dada yake, Abiti Jafari, akaja zahanati mbio amembeba mjukuu ana degedege. Tulihangaika naye mimi na yule mama mpaka mtoto akatulia, akalala. Tukakaa chini, tumelowa jasho wote wawili. Ndipo akaniuliza, "Binti yako yuko wapi? Wajukuu zangu wamekuja jana, wamekuja na juzi, wanamkosa."

"Nimempeleka kwa bibi yake."

"Anaumwa?"

"Haumwi. Wenzake walimsusa."

Alinitazama kama mimi ndiye mwenye degedege. "Nani alimsusa? Msiba ulikuwa wa ukoo mzima. Kwetu watoto wa ukoo hawatoki kucheza mpaka arobaini ipite. Mimi mwenyewe wangu nilikuwa nawafungia ndani, wanalia. Hukujua?"

Nikasema sikujua.

"Si unaongea Kiyao wewe?"

Akaendelea, kwa upole, na upole wake ndio ulioniumiza. "La mumeo lilituudhi, sikufichi. Lakini tulisema ni mgeni, atakuja kuuliza, tutamwambia. Tukawangoja. Hamkuja."

Zuhura, nimepigwa na wazazi, nimetukanwa na wagonjwa, nimesemwa na mawifi. Sijawahi kusikia neno likaniingia kama lile. Walikuwa wanatungoja. Sisi tulikuwa tumejifungia ndani kwa hasira na aibu, na hatua chache kutoka mlangoni kwetu kulikuwa na watu wanangoja tuje tuulize swali moja. Ningekuwa Mzungu ningeuliza tangu siku ya kwanza. Ningekuwa Msukuma ningeuliza. Niliacha kuuliza kwa sababu nilielewa kila neno walilosema.

Baba yako alikwenda kuomba radhi. Walimkaribisha, wakampa mkeka, akakaa na wazee mpaka jua linazama bila kutia neno mpaka aulizwe. Kwa Mngoni yule hiyo ni adhabu kubwa kuliko faini. Hicho kipande huwa hakisimulii.

Na baada ya hapo mambo yakafunguka. Ndiyo miezi mizuri kuliko yote niliyowahi kuishi. Wanawake walirudi, wakanifundisha mambo ya uzazi ambayo chuoni hawakunifundisha, nami nikawafundisha yangu. Kisima kilipotoa maji walimbeba baba yako begani, akaogopa kuanguka, akapiga kelele, na siku hiyo walicheka. Kila jioni watoto walijaa tena uani kwetu. Walicheza rede na mpira wako wa soksi, ule uliouacha. Nilikuwa nikisikia kelele zao nafunga dirisha. Nilitaka nikufuate, lakini mvua zilikuwa zimeanza na njia ya kwenda Ruvuma haikupitika. Kwa hiyo yote niliyotaka uyaone, uliyakosa. Bakari alianza kutembea kule. Wewe hukuwepo.

Tuliporudi, tuliteremka Nakapanya saa za mchana. Bibi yako alikuwa na kibanda chake pale kando ya barabara, cha korosho za kukaanga. Nilikuona kabla hujaniona. Ulikuwa umenenepa, umesukwa nywele mtindo ambao sikuujua, unamfungia mteja korosho kwenye gazeti, unamchombeza aongeze. Nikaita jina lako. Ukageuka. Ukafuta mikono kwenye gauni, ukaja, ukapiga goti, ukasema, "Shikamoo mama. Karibuni, kaeni, Bibi anakuja sasa hivi." Ukatuletea maji ya kunywa, mimi na baba yako, kwenye sinia.

Mwanangu, ulinikaribisha kama mgeni. Ulinikaribisha vizuri sana.

Siku tuliyokuchukua ulimlilia bibi yako mpaka Namtumbo. Na hapa Songea, kwa muda mrefu, ukijikwaa ulikuwa unaita, "Bibi!" Mimi niko hapo hapo, mkono nimeshaunyoosha.

Najua utakalosema, kwa sababu umelisema mara nyingi. Utasema, "Lakini mama, mimi nilikuwa na furaha kule. Miezi ile ndiyo ninayoikumbuka kwa raha kuliko yote." Ni kweli. Nakushuhudia. Hukuumia. Bibi yako alikulea vizuri, ulishiba, ulichekeshwa, ulisoma, uliota meno yako ya pembeni kwa amani. Kwa miaka yote hii nimekuacha usimulie hivyo kwa sababu ndivyo ilivyokuwa. Kilichoumia hapo hakikuwa wewe. Ni mimi niliyeachwa, na hukuwa na habari, na haikuwa kazi yako kuwa na habari.

Ndiyo maana jibu hili limenikaa kooni wiki nzima. Ingekuwa Rukia atateseka kwangu, ningekwambia mara moja na ungenielewa. Lakini Rukia hatateseka. Atakula, atasoma, atapasi huo mtihani. Baba yako atamfundisha baiskeli na kumsimulia uongo. Mimi nitamsuka kila Jumamosi. Tangu Bakari ahamie Mbeya kikazi nyumba hii inanikera kwa ukimya, nasikia mpaka panya wakipiga soga. Ninamtaka yule mtoto, Zuhura. Naomba unielewe jinsi ninavyomtaka. Nimeshahamisha nguo zangu kutoka droo ya chini, nimeiacha wazi, na sikumwambia mtu. Kila nilipokwambia "tutaongea", nilikuwa nangoja uniombe tena kidogo ili niseme ndiyo na ionekane nimekubali kwa ajili yako.

Nikimchukua atakuwa wangu. Sitakusudia, itatokea tu. Utapiga simu jioni umechoka, mtandao unakatika, na yeye atakujibu haraka haraka kwa sababu babu anamngoja nje. Utauliza kala nini, atakwambia, na utagundua hujui tena anapenda nini. Atakwambia, "Usijali mama, mimi niko salama." Kwa adabu. Halafu utarudi umefanya kazi nzuri, watu wa Mangochi wanakusifu, na atakupokea kwa maji kwenye sinia.

Mimi sitaki kuwa na mikono ile iliyokuwa ya mama yangu siku hiyo. Alikuja akasimama nyuma yako, mikono begani kwako, anakutazama ulivyoshika sinia, na usoni alikuwa na fahari na huruma kwa pamoja. Hakuwa na kosa lolote. Mpaka leo kuna kipande cha moyo wangu hakijamsamehe, na amekwisha kufa, na hakuna la kufanya.

Mchukue.

Mtihani wa darasa la nne atafanya mwakani mkirudi, atakuwa mkubwa kidogo kuliko wenzake, na hakuna aliyekufa kwa hilo. Pasi yake mlimkatia tangu mwanzo, kabla hamjabadili mawazo, iko kwenye bahasha pamoja na zenu. Siahidi kwamba atapapenda. Inawezekana atachukia chakula, atapata homa, atakosa mtu wa kucheza naye, na atakununia kwa kumtenga na baiskeli. Ukimwona kasimama peke yake njiani, usifunge mabegi. Nenda nyumba ya jirani, piga hodi, uliza. Hata kama unaelewa kila wanachosema, uliza. Watakuona mjinga kidogo, na ni sawa. Wapo watu kule wanakungoja uulize, na hutawajua kwa nyuso.

Na ukirudi jioni upole umekwisha, umesambazwa kwa watoto wa watu, kaa chini umwambie hivyo hivyo kwamba umekwisha, huna hata kidogo. Mimi sikukwambia wewe. Nilikutuma ukanywe maji.

Adhana ya isha imelia. Baba yako amemaliza na kamba zake, anamwita Rukia wakale. Nimepita sebuleni, nimezichukua nguo zake kwenye kiti, nimeziweka kwenye begi lenu jeusi, juu kabisa, juu ya shuka za Twaha. Baba yako aliniona. Alikuwa amesimama mlangoni na taulo begani. Nilingoja aseme neno la Kingoni la kunichoma. Aliniuliza tu, "Na masweta?" nikamwambia, "Na masweta." Akaenda kuifungua upya ile kamba, na nimemsikia akipenga kamasi muda mrefu huko uani.

Kesho stendi atalia. Atanishika khanga, atasema mimi ndiye niliyemfukuza, na itakuwa kweli. Wewe usishuke kuja kumbembeleza, maana ukimbembeleza nitasema abaki, ninajijua. Tangulia kwenye basi na Twaha na Idrisa, shika kiti cha dirishani, mwachie nafasi. Vidole vyake nitavitoa mwenyewe kwenye khanga yangu, kimoja kimoja. Nitamleta mpaka mlangoni pa basi. Nyoosha mikono umpokee.

Mama yako